Moshi wa kuni na afya ya watoto

Swali: Kwa nini moshi wa kupikia huhesabiwa miongoni mwa vichafuzi hatari katika nchi zinazoendelea, ilhali watu wamepikia kuni tangu enzi na enzi?

Jibu: Ndugu, ukongwe wa desturi hauondoi madhara yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, kwa kuwa chembechembe zake ndogo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Mtoto aliyebebwa mgongoni na mama anayechochea moto huvuta moshi huohuo kwa mapafu ambayo hayajakomaa. Ndiyo maana nimonia humwandama.

Jibu: Naongeza kwamba kufungua dirisha pekee hakutoshi. Gesi na umeme hupunguza moshi mno, ila bei yake huwashinda maskini, na hapo serikali ndizo zinazopaswa kuwajibika.