Goti linauma kwa mbele nikishuka ngazi, plasta inasaidia kweli?

MwalimuMoro
Wanajamvi, salaam. Nina miaka 34, nafundisha shule ya msingi Morogoro. Nimejiandikisha Kilimanjaro Marathon, kilomita 21, na kikundi chetu cha jogging. Nilitoka kilomita 5 nikarukia 12 ndani ya wiki 2, na tangu hapo goti la kulia linauma kwa mbele, pale kwenye pia ya goti, kile kifupa cha mbele. Kupanda ngazi navumilia. Kushuka nashika ukuta. Choo cha kuchuchumaa ni mateso, na kwenye sala kukaa tahiyatu siwezi. Halijavimba. Eksirei imetoka safi, nikapewa dawa za maumivu, nikaambiwa nipumzike. Nimepumzika wiki 3, siku ya kwanza barabarani likaanza upya. Mwenzangu anabandika plasta za michezo gotini na anakimbia vizuri. Zinatibu? Naombeni msaada.

Mzee_Kichangani
Pole binti yangu. Chua kwa mafuta ya karafuu asubuhi na jioni, na mbio uziache kabisa.

Fizio_Moshi
Shikamoo mzee. Kuchua sipingi, kunaburudisha. Ila kuacha kabisa ndiko kulikomrudisha alipoanzia: misuli ya paja ikikaa wiki 3 bila kazi inazidi kulegea.

Mwalimu, pole. Nafanya fiziotherapia, na maelezo kama yako nayasikia kila msimu wa marathoni ukikaribia. Pia ya goti inateleza kwenye mfereji wa mfupa wa paja kila unapokunja mguu. Ukishuka ngazi, mkandamizo pale unafika kama mara 3 ya uzito wako. Na eksirei kuwa safi haimaanishi unajisingizia, tatizo hili kwa kawaida halionekani kwenye picha.

Plasta haitibu. Inatuliza maumivu ili uweze kufanya mazoezi, na mazoezi ndiyo dawa. Namna hii ilienezwa na mtaalamu wa Australia, Jenny McConnell, miaka ya 1980. Kaa, nyoosha mguu, paja lilegee. Tanguliza plasta laini nyeupe ya kulinda ngozi, juu yake ile ngumu isiyovutika: anzia ukingo wa nje wa pia, isukume kidogo kwa ndani na dole gumba, malizia upande wa ndani wa goti. Halafu shuka ngazi hapohapo. Maumivu yasipopungua waziwazi, bandua ubandike upya. Usilale nayo.

Mazoezi fanya siku moja, siku inayofuata pumzika. Lala ubavu, inua mguu wa juu ukiwa umenyooka. Huo ni msuli wa nyonga, wengi wanausahau, na ndio unaozuia goti lisiingie ndani ukikimbia. Egemea ukuta ushuke kidogo tu, usifike usawa wa kiti. Ukizoea, simama kwa mguu unaouma juu ya kidato cha sentimita 15, shusha ule mwingine polepole. Mara 10, raundi 3. Maumivu ya 3 kati ya 10 yavumilie, mradi kesho asubuhi yawe yametulia. Hesabu wiki 6 hadi 12.

Mama_Zuu
Kuhusu kulala nayo nakazia. Mimi nilikaa nayo siku 4, ngozi ikababuka. Fizio, mwanangu wa miaka 13 naye analalamika goti, nimfunge hivyohivyo?

Fizio_Moshi
Hapana mama, mpeleke akapimwe, na nyonga ikaguliwe. Kwa umri huo ubovu wa nyonga unaweza kuuma gotini. Hata mtu mzima, goti likivimba, likikwama au likimwachia ghafla, aanzie hospitali.

MwalimuMoro
Nimerudi. Plasta ngumu nimeipata duka la dawa, mume wangu akanibandika. Leo nimeshuka ngazi za shule mara 2 bila kugusa ukuta, karibu nilie. Zimebaki wiki 7. Niende Moshi?

Fizio_Moshi
Hongera sana. Njia ya 21 mnapanda kuelekea Mweka kisha mnateremka, na mteremko ndio utakaokuumiza. Wiki ya 5 ukiweza kilomita 10 zenye mteremko, na kesho yake ukachuchumaa bila shida, nenda. Usipoweza, kimbia zile mbio za kilomita 5.

MwalimuMoro
Nimeelewa. Nitaleta mrejesho wiki ya 5.