Tupeane uzoefu: kaseti, kanda za vidio na diski zilizobaki kabatini kwenu zina nini ndani?

Mzaliwa wa Mkomani
Asalaam aleikum. Nyumba nyingi za Lamu na Malindi bado zina boksi la kaseti juu ya kabati. Hakuna athubutuye kulitupa, wala hakuna awezaye kulisikiliza, maana redio kaseti ishakufa na deki ya vidio ishauzwa vyuma chakavu. La kwenu lina nini, na limesalimika? Habari za "zamani kulikuwa kuzuri" tumezisikia sana. Nataka kujua mlirekodi nini.

Naanza mimi. Babangu alikuwa akifanya kazi Jeddah miaka ya 80. Simu ilikuwa ghali, na mamangu hakupenda kuandikiwa barua na mtu akajua mambo yake, kwa hivyo wakitumiana kaseti. Ya dakika 60, nusu saa kila upande. Posta ni mtu anayekwenda Hija, au baharia anayerudi. Upande wa kwanza ni wa mama peke yake. Sisi tunatolewa nje na mlango unakomewa. Upande wa pili wa watoto: kila mmoja asome sura aliyohifadhi chuoni, aseme anataka aletewe nini, ampishe mwenziwe. Punda akianza kulia uchochoroni, mama anabonyeza kitufe tusubiri mpaka anyamaze.

Sasa, kaseti ilikuwa ileile. Ikifika kule baba anasikiliza, kisha anajibu juu yake. Ikirudi tunasikiliza, tunajibu juu yake. Miaka yote ile imebaki barua moja, ya mwisho, ya baba, kwa sababu alirudi mwenyewe kabla hatujaijibu. Sauti zetu zote zilifutwa na yake, na yake za nyuma zikafutwa na zetu. Allah amrehemu.

Kuna kitu sikielewi lakini. Mwanzoni mwa kaseti ni kimya, halafu baba anasema bismillahi kwa nguvu. Kabla hajaisema, kama sekunde mbili hivi, unaisikia bismillahi hiyohiyo kwa mbali sana. Ndugu zangu wadogo hawataki kuisikiliza usiku.

Fundi wa Maweni, Malindi
Waambie walale salama, hakuna jini hapo. Utepe ukikaa miaka umezungushwa pale kwenye kibiringo chake, tabaka moja hugusana na lenzake na kuliachia sumaku kidogo. Kwa hivyo palipokuwa kimya pamechapwa kivuli cha sauti iliyo tabaka la pili. Kaseti za dakika 120 ndizo mbaya zaidi kwa hilo, utepe wake mwembamba mno. Hizo ndizo zilizokuwa zikiliwa na redio pia.

Nimefungua kaseti tangu ujana wangu, niwape faida kidogo. Ule utepe ni plastiki, upana haufiki milimita 4, umepakwa unga wa chuma kilichoshika kutu na kugandishwa kwa gundi. Redio huuvuta sentimita 4.76 kila sekunde, basi ya dakika 90 ina kama mita 130 ndani. Unga hauna neno. Kinachokufa ni gundi, kwa kuwa hunywa unyevu, na sisi unyevu ndio hewa yetu. Ukiona weupe kama unga wa ngano pembeni mwa utepe, ni ukungu. Usiicheze hiyo! Itaacha ukungu kwenye hedi, kile kichuma cha redio kinachousoma utepe, na kaseti utakayotia baadaye itaupata. Ikiwa sauti imefifia pande zote mbili za kaseti, tazama kile kipande cha sufi kilicho nyuma ya utepe katikati. Mara nyingi kimebanduka tu. Kaseti yenye skrubu tano unaifungua, unahamishia utepe kwenye ganda zima, basi.

Binti Langoni
Kwetu boksi ni la ami yangu. Kila Maulidi alikuwa akienda msikiti wa Riyadha, Lamu, na redio yake, anaiweka karibu na spika pamoja na redio za watu wengine, zimepangwa mstari. Matari yanapasua, maneno husikii vizuri, lakini watu wanaoitikia nyuma nawatambua mmojammoja. Zile alizozipenda alivunja vijino viwili vya mgongoni ili mtu asirekodi juu. Sisi tukaja tukaziba matundu kwa karatasi ya gundi tukarekodia taarabu kutoka redioni. Kwa hivyo unasikiliza kasida, tap, linaingia udi la Zein, yule mwimbaji wa taarabu, halafu tangazo la kifo, halafu kasida inaendelea. Ami alikasirika mwaka mzima. Leo mimi naupenda ule mkorogo kuliko kaseti safi.

Kijana wa Barani
Mnasifu mno nyinyi. Mimi nilipitia enzi za diski, zile za plastiki nyeusi za mraba, uwezo wake megabaiti 1.44. Picha moja ya simu yako leo haiingii humo. Kazi ya chuo unaigawa diski tatu, unaitoa Malindi hadi Mombasa ndani ya shati, unafika unaambiwa ya pili haisomeki. Kile kibati cha kutelezea kilishika kutu kwa hewa ya bahari mpaka kikakwama ndani ya mashine. Zangu nilizitupa zote na sina hamu nazo hata chembe.

Mama Abiria
Mimi ninayo kanda ya vidio ya kupamba kwangu, ile sherehe ya wanawake ya arusi, hapa Malindi, 1994. Mpiga vidio alikuwa mwanamke, na waliomo wote ni wanawake, vichwa wazi, wamejipodoa, wanacheza. Kwa mamangu ilikaa chini ya funguo. Tukiitazama alasiri wanaume wametoka, pazia limeshushwa, na mtu akibisha hodi picha inazimwa kwanza.

Sasa kila mtu ananiambia ipeleke dukani waihamishie kwenye flashi. Nimpe kijana wa kiume akae nayo saa tatu? Na kina shangazi waliokwisha tangulia mbele ya haki wamo humo wanacheza chakacha. Hawakuombwa ruhusa. Na ikishakuwa faili nani ataizuia isiingie kwenye simu za watu? Kanda ilikuwa moja, na mwenyewe anajua iko wapi. Mimi naona huo ulikuwa ubora wake, sijui kama wenzangu mwaliona hilo.

Fundi wa Maweni, Malindi
Dada, hoja yako ina uzito. Kanda huhamishwa kwa mwendo wake, saa tatu ni saa tatu, lakini si lazima mtu aitazame. Hata hivyo mimi ningemfundisha binti yako aifanye nyumbani. Ila msikawie: kampuni ya Japani iliyokuwa ya mwisho kuunda deki mpya, Funai, iliacha Julai 2016. Zilizobaki ni kuukuu, na mipira yake ya ndani inayeyuka kwa joto letu.

Mama Abiria
Binti anajua kompyuta. Mwambie anunue nini.

Fundi wa Maweni, Malindi
Deki nitamwazima mimi, nishaisafisha hedi kwa spiriti. Anunue kile kifaa kidogo cha USB chenye waya tatu: njano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti. Kabla ya kuicheza, aipeleke mbele mpaka mwisho na kuirudisha mara moja, utepe uachane kwanza.

Mzaliwa wa Mkomani
Fundi, na yangu je? Nikiitia kwenye basi la Mokowe itafika?

Fundi wa Maweni, Malindi
Basini utaambiwa iko chini na mizigo, pembeni ya spika za mtu. Ije na wewe mwenyewe, mfukoni.