Buti za skii ni mzigo wa mkononi: mashirika ya ndege, acheni kutunyang'anya getini

Wakuu, nimekaa na hasira hii vya kutosha, leo naitoa.

Nilisafiri na buti zangu za skii, viatu vigumu vya kutelezea kwenye theluji, kwenye begi la mkononi. Begi nililipima kwa futi kamba, nikalipandisha kwenye mizani, na lilikuwa ndani ya vipimo ambavyo shirika lenyewe limeviandika kwenye tovuti yake. Kaunta wakaliona, hawakusema neno. Ukaguzi wa usalama wakalipitisha. Nimefika getini, pasi ya kupandia imeshasomwa na mashine, ndipo mhudumu ananyoosha kidole: "Hizo buti haziruhusiwi ndani." Namwuliza zimekatazwa na kanuni ipi, hana jibu. Namwomba aliweke begi kwenye kile kikasha cha kupimia kilichosimama pale pale pembeni yake, hataki. Foleni nyuma yangu inanung'unika, mlango unakaribia kufungwa, na mtu mwenye sare anakwambia uache begi au ubaki wewe. Ukifikishwa hapo umeshashindwa. Begi likaenda tumboni mwa ndege, mimi nikapanda, na makabati yaliyo juu ya safu yangu yalikuwa na nafasi.

Skii zenyewe, zile mbao ndefu zinazofungwa chini ya buti, zilifika. Fimbo za kujisukumia zilifika. Buti, kitu pekee nilichokataa kukiachia kuanzia mwanzo wa safari, ndizo hazikutokea kwenye mkanda wa mizigo.

Najua wapo watakaosema hivyo ni viatu tu, ungekodi vingine huko huko mlimani. Naomba nisikilizwe hapa, maana kauli hii ndiyo inayowapa wahudumu ujasiri wa kutufanyia haya. Skii unaweza kukodi. Fimbo, kofia ngumu, miwani, hata koti, vyote unaweza kukodi au kuazima na siku ikaenda vizuri. Buti hapana. Buti ya skii ina gamba gumu la plastiki na bitana nene ndani yake. Bitana hiyo hupashwa moto ikafuata umbo la mguu wa mwenyewe, kisigino chake, kifundo chake, mpaka vidole. Gamba likibana mfupa, fundi hulipasha moto nalo akalisukuma nje milimita chache mahali pale pale panapouma. Soli ya ndani huchongwa kufuata unyayo. Unavaa, unateleza, unaumia, unarudi kwa fundi, anarekebisha tena. Mpaka buti ikubali mguu wako, umetoa jasho, muda na fedha. Ukiingia duka lolote la skii duniani hutaikuta rafuni, kwa sababu haipo nyingine kama hiyo.

Namba ya buti ni urefu wa mguu kwa sentimita, kwa hiyo 26.5 ni mguu wa sentimita 26.5. Lakini watu wawili wenye namba hiyo hiyo, mmoja anahitaji upana wa milimita 98 na mwenzake 102, na wakibadilishana wote wawili watalia. Buti ya kukodi imetanuka kwa miguu ya watu wasiohesabika. Ukiikaza mpaka ikushike, damu haipiti na vidole vinakufa ganzi kwenye baridi. Ukiilegeza, kisigino kinapanda na skii haikusikii.

Na kuna usalama, jambo ambalo linaniudhi zaidi kuona linapuuzwa. Kifungio cha skii, kinachoishika buti kwenye skii, hutegeshwa ili kiachie mguu unapoanguka vibaya, kabla mfupa wa muundi haujavunjika. Kiwango cha kimataifa cha kutegesha, ISO 11088, kinamtaka fundi azingatie uzito wako, urefu wako, umri wako, namna unavyoteleza, na urefu wa soli ya buti kwa milimita. Urefu huo umechapwa pembeni mwa kisigino cha kila buti. Ukibadilisha buti, soli inabadilika, na kifungio ni lazima kirudi kwa fundi kusogezwa na kutegeshwa upya. Kifungio kisipokaa sawa na soli, kinaweza kukataa kuachia pale kinapotakiwa kuachia, au kuachia katikati ya mteremko mkali bila sababu. Huyo aliyesema "ni viatu tu" hajui anachokiweka hatarini.

Ndiyo maana wazoefu wote wa mchezo huu wanakupa ushauri mmoja: skii ziache ziende chini, buti zishike mkononi. Mashirika yenyewe yanatwambia kila siku kwamba kitu usichoweza kukikosa usikiweke kwenye mzigo wa chini. Tunatii. Halafu tunanyang'anywa kwa sababu tumetii.

Sasa tuje kwenye vipimo, maana huko ndiko kwenye kiini cha uonevu. Chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, IATA, kina mwongozo wa begi la mkononi lisilozidi sentimita 56 kwa 45 kwa 25, magurudumu na mishikio ikiwemo. Ni mwongozo tu, haumfungi mtu. Kila shirika linajipangia lake. Mengi yamebana mpaka 55 kwa 40 kwa 20, na uzito ni kilo 7 kwa huyu, 8 kwa yule, 10 kwa mwingine. Juni 2015 IATA walipendekeza kipimo kimoja cha 55 kwa 35 kwa 20. Kelele zilizuka, hasa Amerika Kaskazini, na mpango ukasitishwa mwezi huo huo. Tangu hapo tumebaki kila mtu na rula yake.

Chukueni pea ya buti mzipange kichwa kwa miguu, bizimu zikitazama nje. Unene wake unakaribia sentimita 25. Kwenye begi la 25 zinaingia. Kwenye begi la 20 haziingii, hata ufanye nini, kwa sababu gamba halikunjiki. Sentimita 5 ndizo zinazoamua kama utateleza au utakaa hotelini. Na safari ya skii mara nyingi ni ya kuunganisha: ndege kubwa ya kwanza inakuruhusu 25, kindege cha pili kinachokupeleka karibu na milima kina makabati madogo na kanuni za shirika jingine kabisa, ingawa tiketi ni moja na umelipa mara moja. Nani anakwambia hilo wakati unalipa? Hakuna.

Uzito nao. Pea moja ya buti za mteremko hukaribia kilo 4, nyingine huzidi. Za kupandia mlima ni nyepesi, na wenzetu wa skii za nyika, wanaoteleza tambarare, hawana shida hii, buti zao ni laini. Lakini kwa sisi wa mteremko, kwenye kikomo cha kilo 7, buti zimeshakula zaidi ya nusu kabla hujaweka hata soksi.

Kuna wanaozivaa miguuni kupanda nazo ndege. Sitaki kuwacheka, najua wamefikishwa pabaya, lakini sikubali kwamba hilo ndilo suluhisho. Buti ya skii haikunji kifundo. Ikitokea dharura na watu wanatakiwa kukimbilia mlangoni na kushuka kwa slaidi, aliyevaa buti hizo ni hatari kwake na kwa aliye nyuma yake. Kanuni inayomsukuma abiria kufanya hivyo ili aokoe mali yake ni kanuni mbovu.

Wengine watasema zitangulize chini kwenye mfuko maalumu wa buti. Sawa, baadhi ya mashirika yanahesabu mfuko wa skii na mfuko wa buti kuwa kipande kimoja cha mzigo, na hilo nawapongeza. Lakini someni maandishi madogo: mengine yanataka ndani ya mfuko wa buti kuwe na buti tu, pengine na kofia ngumu. Wakifungua wakakuta sweta ulilolizungushia buti zisikwaruzike, wanakutoza kama mzigo wa ziada. Na bado hilo halijibu swali la msingi, kwamba mfuko unaokwenda chini unaweza kubaki nyuma. Ndege ndogo za msimu wa baridi zinajaa mizigo mirefu, na ukifika uzito wa mwisho kuna mizigo inaachwa ije na ndege inayofuata. Ukiwa na wiki moja tu ya likizo, ndege inayofuata haikusaidii kitu.

Kwa upande wa usalama, buti hazina kosa. Marekani, mamlaka ya usalama wa usafiri, TSA, inaruhusu buti za skii ndani ya ndege na inakataza fimbo. Hiyo naielewa, fimbo ina ncha. Mkaguzi wa usalama ambaye kazi yake ni kutafuta hatari ameziangalia buti zangu kwenye mashine akaziachia. Mhudumu wa geti anazikataa kwa macho.

Tena hawa wa getini hawakumbuki hata kanuni zilizo za lazima kweli. Baadhi ya buti siku hizi zina vipasha joto vyenye betri za lithiamu. Betri za akiba, zilizochomolewa kwenye kifaa, haziruhusiwi kwenda tumboni mwa ndege. Zinatakiwa kubaki na abiria, kwa sababu zikishika moto kule chini hakuna wa kuziona. Begi likichukuliwa getini, abiria anatakiwa kuzitoa kwanza. Je, niliulizwa? Sikuulizwa. Nilizitoa mwenyewe, huku naambiwa naichelewesha ndege. Wangekuwa wanajali usalama wa kabati na wa ndege, hilo ndilo lingekuwa swali lao la kwanza. Wenye mikoba ya kujikinga na maporomoko ya theluji, yenye mtungi wa gesi wa kujaza puto, wanajua mateso makubwa zaidi: kanuni za kimataifa zinaruhusu mkoba mmoja kwa abiria kwa idhini ya shirika, lakini pata hiyo idhini kwa maandishi kabla ya kusafiri, maana ukiitafuta kaunta utakutana na mtu ambaye hajawahi kuuona mkoba huo.

Sasa, haki zetu. Nimesoma Mkataba wa Montreal wa 1999, mkataba wa kimataifa kuhusu wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria na mizigo, kuanzia juu mpaka chini, na naandika haya kwa herufi za kawaida ila yachukueni kama nimeyapigia kelele. Begi ulilonalo mwenyewe ndani ya ndege, shirika linawajibika nalo pale tu uharibifu unapotokana na kosa lake. Begi likishachukuliwa na wao likaenda chini, limekuwa mzigo uliokabidhiwa, na likipotea au kuharibika mikononi mwao wanawajibika bila wewe kuthibitisha kosa. Kwa hiyo usiachie begi getini bila kupewa lebo yenye namba. Mkataba unawataka waitoe kwa kila mzigo uliokabidhiwa. Piga picha lebo, piga picha buti zikiwa ndani ya begi, piga picha begi likiwa kwenye kikasha cha kupimia kama watakubali.

Begi likifika limeharibika, andika malalamiko ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu lilipokabidhiwa kwako. Lisipofika siku 21 zikapita, unaweza kudai kama lililopotea. Kwa maandishi, sio kwa simu. Kesi ifunguliwe mahakamani ndani ya miaka 2. Kikomo cha fidia tangu 28 Desemba 2024 ni vipimo 1,519 vya SDR, ile sarafu ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, takriban dola 2,000 za Marekani. Hicho ni kikomo kwa abiria, na mizigo yako yote imo humo. Mtu aliyepoteza buti zilizoundwa kwa mguu wake pamoja na skii ataona jinsi kilivyo kidogo. Unaweza kutangaza thamani kubwa zaidi unapokabidhi mzigo na kulipia nyongeza, lakini niambieni ni geti gani, dakika tano kabla ya kuondoka, litakupa nafasi ya kutangaza chochote.

Risiti za kukodi buti mlimani nimezitunza zote na nimezidai. Jibu la kwanza la shirika lilikuwa kwamba niliachia begi "kwa hiari". Kwa hiari! Nimewaandikia tena, nimetaja kipengele cha 17 na cha 19 vya mkataba huo, na nasubiri.

Ninachokitaka kutoka kwa mashirika ni kidogo. Waandike wazi kwenye kanuni zao kama pea ya buti za skii inaingia ndani au haiingii, kwa sentimita na kwa kilo, na kipimo hicho kishikiliwe kuanzia kaunta mpaka kwenye kiti, na kwenye kila ndege ya tiketi hiyo. Anayekataa begi getini alipime kwanza mbele ya mwenyewe. Makabati yakijaa kweli, yapo mabegi mengi ya nguo ambayo mwenyewe angeyaachia bila shida, waulizwe hao kwanza. Na begi la buti likichukuliwa kwa lazima, liwekewe alama ya kushushwa mapema na kurudishwa mlangoni mwa ndege kama wanavyofanya kwa vigari vya watoto.

Mwenye jibu la maandishi kutoka kwa shirika lolote linalosema buti za skii zinakubalika kama mzigo wa mkononi, naomba aliweke hapa, aonyeshe na tarehe. Nataka kwenda nalo limechapishwa safari ijayo.