Tupeane uzoefu: mzazi wa njiti afundishwe nini kabla hajatoka wodini?

Zamu_ya_Usiku
Wakuu, hili linaniuma. Mtoto anazaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito, anapelekwa kwenye kiatamizi, kile kisanduku cha kumtunzia joto, mama anaambiwa "subiri". Asubiri nini? Aanze kukamua maziwa ndani ya saa 6, mapema zaidi ni bora, kisha mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku asiruke. Mwanzoni atapata matone tu. Mwambieni mapema kwamba hilo ndilo dang'a, yaani maziwa ya kwanza, maana akiona sindano ya mililita 1 haijajaa anadhani hana maziwa, anaacha kukamua, na kweli yanakauka. Mnaohudumia njiti, ongezeni.

Tone_kwa_Tone
Siku za mwanzo akamue kwa mkono. Kidole gumba juu, vingine chini, sentimita 2 au 3 kutoka kwenye chuchu. Asukume kuelekea kifuani, abane, aachie. Asiburute ngozi.

Mshauri_Maziwa
Napinga kidogo. Pampu ya matiti mawili kwa pamoja inaokoa muda. Wengi wanailaumu kwa sababu kikombe chake hakilingani na chuchu, inachubuka.

Tone_kwa_Tone
Dang'a ni zito, nusu yake inaganda kwenye pampu. Maziwa yakishafunguka, sawa, pampu ije.

Kifua_kwa_Kifua
Mkibishana, mtoto anapoa. Joto lake likae kati ya 36.5 na 37.5. Avae nepi, kofia na soksi tu, awekwe wima katikati ya matiti, miguu ikunjwe kama chura, kichwa kigeuzwe upande na kiinuliwe kidogo. Kidevu kikizama kifuani, njia ya hewa inaziba. Kumbeba hivi ngozi kwa ngozi ndiko kunaitwa kangaruu, na ilianzia Bogotá, Kolombia, 1978, viatamizi vilipokuwa havitoshi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 8 hadi 24 kwa siku, ianze mara tu mtoto anapozaliwa, isipokuwa aliye mahututi: yuko kwenye mshtuko, hapumui mwenyewe au anahitaji mashine ya kupumulia.

Mjomba_K
Na baba?

Kifua_kwa_Kifua
Baba naye ana kifua chenye joto. Afundishwe.

Daktari_Macho
Naomba mnisikilize hapa. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 ya ujauzito, gramu 1,100, anatoka salama, ananenepa, familia inashangilia. Hakuna aliyeandika tarehe ya macho. Mishipa ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ilikuwa haijakomaa, oksijeni ya ziada ikaivuruga, ikaota ovyo, ikavuta retina mpaka ikabanduka. Miezi sita baadaye mama anagundua mtoto hafuati taa. Muda wa kumtibu kwa leza au sindano umeshapita. Aliyezaliwa chini ya gramu 1,500, au wiki 30 kushuka chini, kwa kawaida achunguzwe macho wiki ya 4 baada ya kuzaliwa. Tarehe iandikwe kwenye kadi, mzazi aisome kwa sauti mbele ya muuguzi.

Mjomba_K
Mungu wangu. Basi oksijeni wasipewe?

Daktari_Macho
Hapana! Bila hiyo wanakufa. Ipimwe tu. Kwa njiti anayeongezewa oksijeni, kipimo cha oksijeni kwenye damu kisome kati ya asilimia 90 na 95. Kikikaa 99, muuguzi aipunguze. Mzazi asiguse, aite.

Zamu_ya_Usiku
Nimesoma hii mara mbili. Iende kwenye kila kadi.

Nasaha
Mzazi haulizi kwa sababu hana maneno ya kuulizia. Mpeni daftari: uzito wa leo, mililita alizolishwa kwa mpira wa pua, mara ngapi pumzi imesimama kwa sekunde 20. Habari nzito waambiwe wote wawili, wamekaa, mlango umefungwa. Na mama ambaye wiki mbili zimepita bado halali hata mtoto akiwa salama, huyo huenda ana dalili za sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Msimwambie ajikaze, mpelekeni kwa mtaalamu.

Bibi_Kliniki
Chanjo zingoje afikishe uzito.

Zamu_ya_Usiku
Shikamoo bibi, lakini hapo sikubali. Chanjo nyingi hufuata tarehe ya kuzaliwa, hata akiwa mdogo. Kinachorekebishwa ni umri wa kupimia ukuaji: aliyewahi wiki 8, akiwa na miezi 4 mtazameni kama wa miezi 2. Nyumbani, pumzi zikizidi 60 kwa dakika akiwa ametulia, kifua kikibonyea, akikataa kunyonya au akipoa, arudishwe usiku huohuo, na safari nzima awe kifuani.