MREJESHO: Mashine pepe sasa inaziona prosesa zote 288

Wakuu, habari za majukumu. Niliuliza kwa nini mashine pepe (kompyuta inayoigizwa na programu) niliyoipa prosesa pepe 288 kwenye QEMU/KVM, programu ya kuendesha mashine pepe kwenye Linux, inaonyesha 255 tu, tena inaganda ikipewa kazi nzito. Shukrani za dhati kwa mkuu aliyesema nianzie kwenye APIC, yaani kifaa kinachozifikishia prosesa interapti (ishara za kuzikatiza zishughulikie jambo); alilenga penyewe.

APIC ya zamani humtambua kila prosesa kwa namba ya biti 8, na 255 imetengwa kwa kuziita zote kwa pamoja. Zinabaki 0 hadi 254. Kupita hapo ni lazima x2APIC (toleo jipya lenye namba ndefu zaidi), na interapti zipate njia ya kufika kwenye namba kubwa. Kwenye mipangilio ya QEMU nimetumia mashine ya aina ya q35, kernel-irqchip=split, kisha intel-iommu yenye intremap=on na eim=on, ambazo ndizo zinazoipa interapti njia hiyo. Nikawasha, nikaandika nproc, amri ya kuhesabu prosesa: 288. Nilifurahi mno!

Kuganda ni suala jingine kabisa. Seva yetu hapa Dodoma ina viini (prosesa halisi) 16, hivyo prosesa pepe 288 zinapokezana. Prosesa pepe iliyoshika kufuli (kinga ya kuzuia nyingine zisiguse data ileile kwa wakati mmoja) ikiondolewa kwenye kiini, wenzake wanabaki wanazunguka kuisubiri. Zikipita kama sekunde 20, keneli (moyo wa mfumo endeshi) inaandika "soft lockup", yaani prosesa imekwama. GDB, programu ya kuchunguza hitilafu, huonyesha kila prosesa pepe kama uzi (thread), na amri yake "thread apply all bt", inayoonyesha kila uzi umefika wapi, ilionyesha nyingi zimekwama kwenye kufuli lilelile.

Kwa hiyo 288 napimia kuwaka na usahihi tu, kasi napimia na 16. Vijana wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) mnaojifunza keneli, anayetaka amri nzima aseme, nitaibandika.