Naomba ushauri: plau ya zamani kwa Massey Ferguson 135

Hamjambo wenzangu. Niko Malindi, upande wa Gongoni. Marehemu babu alituachia Massey Ferguson 135, zile zilizoanza kuundwa 1964. Injini ni Perkins ya silinda tatu, na bado inawaka bila kusukumwa. Sasa naitafutia vifaa vya rika lake, si haya mapya yanayopinda yakigonga kisiki.

Juzi nikanunua plau ya diski mbili kwa muuza vyuma kuukuu. Ukikwangua kutu kwa kisu, rangi nyekundu bado iko chini. Muuzaji aliniapia itaingia kama pete na kidole. Kufika nyumbani, pini zake za chini, zile za kushikia trekta, ni milimita 28, mikono ya nyuma ya trekta yangu ni ya pini za 22! Fundi ataka kuipanua mikono kwa moto. Nimemkatalia, afadhali tubadilishe pini za plau, trekta ya babu isiguswe. Au nakosea? Pini za 28 ni za trekta kubwa zaidi, naogopa uzito utainua magurudumu ya mbele.

Halafu beringi za diski zimeshikana kabisa, na chumvi ya bahari hapa haina huruma. Nimeziloweka kwa dizeli siku nne, wapi.

Mwenye kujua shamba Magarini au hata Mpeketoni lenye haro (ile ya kuvunja mabonge baada ya plau) iliyolala chini ya mwembe, anielekeze. Bei tutaelewana, mradi mwenyewe asiambiwe ni kitu cha makumbusho.