Naomba ushauri: kuzuia damu kinenani baada ya kuchomoa shithi (mrija wa kupitishia vifaa ndani ya ateri) ya 8F (kipimo cha unene wa mrija)

Wakuu, naomba ushauri kuhusu ateri ya paja kwa wagonjwa wanene. Shithi huchomolewa ACT (kipimo cha muda wa damu kuganda) ikishuka chini ya sekunde 180 na presha ya sistoli (namba ya juu ya kipimo cha presha) ikiwa imetulia. Vidole hukandamiza sentimita 1 hadi 2 juu ya tundu la ngozi, maana sindano huingia kwa mshazari na tundu la ateri liko juu zaidi. Ukibana ngozi tu, damu hujikusanya ndani kimyakimya. Dakika 20 bila kuchungulia, mapigo ya mguu yakiendelea kusikika. Tatizo ni mafuta ya kinena: vidole huteleza, uvimbe hutokea. Je, FemoStop (kifaa cha kukandamiza kinena kwa mkanda) hukaa vizuri hapo, au bora Perclose (kifaa cha kushona tundu la ateri kwa nyuzi) tangu mwanzo? Na ateri yenye chokaa, ambako nyuzi hazishiki, mnafanyaje?